Kutoka Sigi hadi Mbomole: siku saba na ndege wa Amani, kipupwe kikiaga

Nimerudi Dar es Salaam wiki mbili zilizopita. Daftari langu limelowa pembeni, picha mia nne na ushee bado sijazipanga, lakini nataka kuandika kabla kumbukumbu hazijapoa.

Safari hii mbegu yake ilipandwa Juni. Mwezi huo nilikuwa Sigi, chini ya milima ya Usambara Mashariki, na mwongozaji wetu akanionyesha ndege mdogo mwenye kichwa cha kijivu kizito, tumbo la manjano, na kidoa cheupe mbele ya jicho kana kwamba kimewekwa kwa ncha ya sindano. Jina lake la kisayansi ni Pogonocichla stellata, na hilo neno la pili maana yake ni mwenye nyota. Sisi tukamwita nyota. Mzee akasema, "Huyu si wa hapa. Huyu ni wa juu, baridi ndiyo imemshusha. Njoo Septemba ikikatika, uone wanavyorudi kwao."

Maneno hayo yalinikaa kipupwe chote. Kusi lilipoanza kulegea nikaomba likizo ya wiki moja, nikamchukua mdogo wangu wa kike, aliyemaliza kidato cha sita na mwenye masikio makali kuliko yangu, tukaondoka.

Siku ya 1, Jumamosi 28 Septemba 2024: Dar es Salaam hadi Muheza

Basi la saa 12 asubuhi lilitoka stendi ya Magufuli, Mbezi, saa 2 kasoro robo. Nauli elfu ishirini kwa kichwa. Chalinze na Msata tulizipita usingizini. Tulipofika Mkata tairi la nyuma likapasuka, na spea nayo haikuwa na upepo. Tukakaa kando ya lami saa nzima na nusu huku kondakta akikodi bodaboda kwenda kutafuta pampu.

Sehemu ile mwishoni mwa Septemba ni kavu, nyasi zinavunjika ukizikanyaga. Kwenye nyaya za umeme walitua keremkerem saba. Mmoja alikuwa akiruka, ananasa mdudu hewani, anarudi palepale alipotoka na kumpigapiga kwenye waya kabla ya kummeza. Mama mmoja aliyekuwa akienda Hale kumwona binti yake aliyejifungua alimkuta mdogo wangu anawahesabu kwa kidole.

"Unahesabu nini, mwanangu?"

"Ndege, mama."

Akafungua kapu lake, akatoa mahindi mawili ya kuchemsha. "Basi hesabu umeshiba."

Tulifika Muheza saa 9 na robo alasiri. Gari la Amani lilikwisha kuondoka, tukalala mjini. Chumba cha vitanda viwili elfu kumi na tano, wali na samaki wa kukaanga elfu tatu na mia tano. Muheza ndiko kwenye machungwa: tulinunua kumi na mbili kwa elfu mbili, yote matamu.

Kwa atakayekuja: siku nilizokuwapo mimi, gari la abiria la kwenda Amani lilikuwa moja tu kwa siku, na huondoka Muheza mchana. Ukitoka Dar basi likachelewa, umelikosa. Toa pesa taslimu hapahapa Muheza kwa wakala, maana kule juu mtandao unakuja na kuondoka na wakala akiishiwa pesa za kukupa, huna pa kwenda. Hizo pesa ziwe noti ndogondogo.

Siku ya 2, Jumapili 29 Septemba: Muheza hadi Sigi

Bodaboda mbili, elfu kumi na tano kila moja. Vumbi jekundu, makorongo, watoto wanaopunga mkono. Kabla ya Sigi barabara inapita katikati ya shamba la mitiki la Longuza. Mitiki imepandwa mstari kwa mstari, na ilikuwa imepukutika. Majani makubwa kama sinia yamelala chini na pikipiki ikiyakanyaga yanapasuka kama vigae. Niliwaomba madereva wasimame, wazime injini dakika kumi. Tulimsikia hua mmoja, basi.

Tukaendelea. Baada ya kijiji cha Kisiwani hewa ikabadilika ghafla, ubaridi ukatupiga usoni, na kelele za hondohondo zikatufikia kabla hatujaliona geti.

Sigi iko kama mita 450 juu ya usawa wa bahari. Kituo cha wageni kimo katika nyumba ya mkuu wa stesheni, ya ile reli ambayo Wajerumani waliijenga kutoka Tengeni mwanzoni mwa karne ya 20. Reli yenyewe haipo tena. Amani ilitangazwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 1997, ya kwanza ya aina hiyo nchini, na leo iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu. Kiingilio cha Mtanzania si pesa ya kukuzuia. Unapewa namba ya malipo, unalipa kwa simu. Kwetu ilichukua karibu saa nzima kwa sababu ya mtandao, na mhudumu alikuwa mvumilivu mpaka ujumbe ukaingia.

Mzee alikuwa anatungoja barazani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kumbe umerudi kweli! Na huyu binti?"

"Mdogo wangu."

"Karibu binti. Viatu hivyo vitafaa. Hiyo fulana nyekundu utaivua kesho."

Tukapatana elfu thelathini kwa siku. Ujanani aliwahi kuwabebea watafiti nyavu za kunasia ndege, na mpaka leo anapomtaja ndege mikono yake inajikunja kana kwamba amemshika.

Jioni tulishuka mtoni. Mto Sigi ulikuwa umepungua, mawe yameota mgongo juu ya maji. Juu ya jiwe moja alikuwapo ndege mwembamba wa kijivu na mweupe, mkia mrefu usiotulia hata kidogo, na chini zaidi mdiria wa buluu akapita chapuchapu juu ya maji bila kugeuka. Mzee alichota maji kwa kiganja akanawa uso. Haya ndiyo yanayojaza bwawa la Mabayani, na ya Mabayani ndiyo yanayofunguliwa bombani Tanga mjini. Mdogo wangu, aliyesoma bweni Tanga miaka miwili, alichutama akayaangalia muda mrefu.

Siku ya 3, Jumatatu 30 Septemba: siafu

Siku hii peke yake ingetosha kuwa safari.

Saa 12 na nusu asubuhi tulikuwa njiani. Nje ya msitu kumekucha. Ndani bado unahitaji tochi kuona mizizi. Baada ya kama nusu saa mzee akanyoosha mkono nyuma, ishara yake ya kusimama. Akaonyesha chini.

Siafu hawakuwa kwenye mstari. Walikuwa wametandaa upana wa mkeka na zaidi, wakisonga juu ya majani makavu, na ukinyamaza unawasikia: mchakato mdogo, kama mvua inayoanza kwenye paa la makuti. Mbele yao kila chenye miguu kilikuwa kinakimbia. Nyenje walirukia hewani, buibui mmoja mkubwa alipanda mti mbio mpaka usawa wa magoti yangu, mende wa msituni wakatoka chini ya gogo kwa makumi.

Hapo ndipo ndege wanaposubiri. Kwanza walikuja shore wa msituni wawili, wenye kelele. Kisha kimyakimya, kwenye mtambaa uliojipinda sentimita thelathini tu juu ya ardhi, akatua alethe: mgongo wa rangi ya udongo wa kichuguu, na kuanzia kooni hadi tumboni mweupe kabisa, weupe wa shuka iliyoanikwa. Alimtazama nyenje kwa jicho moja, akashuka, akamkamata, akarudi. Siafu mmoja alikuwa amemng'ang'ania mguuni. Alethe akainama, akamng'oa kwa mdomo, akamtupa, kisha akapangusa mdomo kwenye mtambaa mara mbili, upande huu na upande huu. Tulikuwa hatua nne kutoka kwake. Mdogo wangu aliacha kupumua, nilimwona mabega yake.

Walikuwa alethe watatu. Saa 3 na dakika 10 akaja yule niliyemfuata: nyota mmoja, peke yake, akatua kwenye gogo lililooza nusu, lenye kuvu za rangi ya machungwa. Huyu ndege ana tabia ya kufungua mkia na kuufunga, na kila akifungua, manjano inawaka pande mbili za mkia kisha inazimika. Alikaa dakika nne. Akala mende mmoja.

"Juni ungehesabu saba au nane hapahapa," mzee akanong'ona. "Huyu amechelewa, au bado kijana hajajua njia."

Nikamuuliza kwa nini wanashuka. Alieleza hivi: kule juu kuanzia Juni ukungu haukatiki, jua halionekani siku tatu au nne, wadudu wanapungua, na ndege anayekula wadudu ana hiari ya kushinda njaa au kushuka. Joto likianza kurudi na vuli ikikaribia, wanapanda kwenda kutaga. Ndege wa milima ya tao la mashariki kadhaa wanafanya hivyo kila mwaka. Wengine wanavuka bahari na majangwa kuhama. Hawa wanahama kwa kuteremka mlima mmoja.

Kwa hiyo mtu akiniuliza mwezi gani ni mzuri kuja Amani, swali langu kwake ni: utalala chini au juu? Wageni wengi wanapanda moja kwa moja mpaka Amani, wanapiga picha za mashamba ya chai, wanashuka. Wanapita Sigi kwenye gari. Kipupwe baadhi ya ndege wa juu wako chini ya pua zao pale getini.

Neno kuhusu siafu: soksi ziwe juu ya suruali, si chini yake. Usisimame mahali pamoja kwa sababu tu hauwaoni; angalia viatu vyako kila dakika mbili. Usikae mbele ya msafara, kaa ubavuni, na uache nafasi ili ndege waweze kushuka. Ndege wakiona watu wamezingira, wanaondoka na hawarudi.

Usiku tulizima taa zote. Mwezi ulikuwa mwishoni, unachomoza karibu na alfajiri, giza zito. Saa 4 hivi, ng'ambo ya mto, tukasikia mngurumo wa chini, wa taratibu, kama mtu anayesogeza meza kubwa kwenye chumba cha mbali. Mzee alisema ni bundi mkubwa wa Usambara, Bubo vosseleri. Alipewa jina hilo la kisayansi mwaka 1908, kwa heshima ya Vosseler, Mjerumani aliyefanya kazi Amani. Hatukumwona. Alinguruma kwa dakika ishirini, na nimezirekodi zote.

Siku ya 4, Jumanne 1 Oktoba: kupanda Amani kwa miguu

Mabegi tuliyapa bodaboda kwa elfu kumi, sisi tukachukua maji, machungwa na darubini. Kwa gari ni muda mfupi wa kona na mawe. Kwa miguu tulitumia saa saba, kwa sababu kila kona ilikuwa na la kwake.

Nilikuwa naangalia mwinuko kwenye simu na kuandika pembeni nani tumemsikia wapi. Mpaka kama mita 600 walikuwa bado ndege wa chini, na njiwa wa msituni mmoja baada ya mwingine. Juu kidogo tukaanza kumsikia shorobo wa kijani, yule mwenye kishungi chekundu, akikoroma kama mlango usiotiwa mafuta. Alipovuka barabara, mbawa zilifunguka nyekundu ya damu. Rangi ile ina madini ya shaba ndani yake, jambo la nadra sana kwa manyoya ya ndege, na ukiiona kwenye mwanga wa jua la saa 4 huwezi kushangaa.

Kwenye kona moja hondohondo wa mashavu ya fedha zaidi ya ishirini walikuwa wamejaa kwenye mti mmoja mrefu. Wakiruka, mbawa zinavuma kama mvukuto wa mhunzi. Mzee hakufurahi kama nilivyotarajia. Mti ule ni Maesopsis, uliletwa na kupandwa hapa enzi za wakoloni, na sasa umeenea msituni kwa sababu hondohondo wanapenda matunda yake na kudondosha mbegu kila wanapolala. Panapokatwa au kuanguka mti wa asili, ule unawahi nafasi.

"Hondohondo hajui kama huyu ni mgeni," alisema. "Yeye anaona chakula."

Saa 7 mchana mbingu ikafunga. Mvua ya kwanza tuliyoiona tangu tuondoke nyumbani ikatukuta kwenye mashamba ya chai, hakuna mti wa kujificha. Tukakimbilia banda la kupimia majani ya chai, ambalo tayari lilikuwa limejaa wachumaji. Walibanana, wakatupa nafasi. Mama mmoja wa makamo alivua lile gwanda la plastiki la kazini akamvisha mdogo wangu. "Vaa mwanangu, wewe una kilomita mbele, mimi nyumbani ni pale." Tulipotaka kumpa chochote alikataa kabisa, akasema gwanda tumpe mzee, atalirudisha. Kesho yake mzee alilirudisha, limekunjwa, na machungwa manne ndani yake.

Tukaingia Amani saa 8, tukitota. Nyumba ya wageni ilikuwa na moto jikoni. Mpishi hakuuliza kitu. Aliweka sufuria ya maji ya kuoga, halafu chai ya iliki iliyopondwa palepale, na mihogo ya kuchemsha na maharage ya nazi. Iliki ya huku ni ya mashambani kwao, harufu yake inakufikia kabla ya kikombe.

Siku ya 5, Jumatano 2 Oktoba: mvua

Ilinyesha kutoka usiku wa manane mpaka saa 8 mchana. Tulilala, tukafua, tukanywa chai.

Niliutumia muda huo kujumlisha gharama, maana najua wengi wataniuliza. Malazi yalikuwa elfu ishirini kwa kichwa, Sigi na Amani pia. Chakula kama elfu kumi kwa siku. Ukigawana mwongozaji na mwenzako, wiki nzima kutoka Dar na kurudi, kiingilio kikiwemo, ni kama laki tatu na nusu kwa mtu mmoja. Bei hubadilika, piga simu kwanza. Ila usibane pesa kwenye mwongozaji. Bila mzee tungepita juu ya siafu tukiwalaani.

Mvua ilipokata tukaenda bustani ya mimea, iliyoanza pamoja na taasisi ya utafiti ya Wajerumani mwaka 1902. Maji yanadondoka kila mahali, jua limetoka kwa pembeni, na chozi walikuwa wameamka wote kwa pamoja. Mmoja alikuwa wa kijani mwenye mkanda mwembamba mwekundu kifuani, Anthreptes rubritorques, ndege wa milima hii michache ya Tanzania tu. Alikuwa juu sana, shingo ikauma.

Hapahapa ndipo alipofanya kazi Reginald Moreau, Mwingereza aliyefika Amani mwaka 1928 na kukaa mpaka miaka ya 1940, akiwasoma ndege pamoja na mkewe Winifred na wasaidizi wenyeji wa milima hii. Mwaka 1931 ndege mdogo wa Amani alipewa jina lake, Artisornis moreaui. Mkewe naye ana ndege wake, wa milima ya Uluguru. Huyu wa Amani ni miongoni mwa ndege adimu kabisa barani, na jamaa yake wa karibu yuko mbali sana, kaskazini mwa Msumbiji. Nilikuwa nimeshamtafuta mara mbili miaka iliyopita bila kumpata.

Siku ya 6, Alhamisi 3 Oktoba: Mbomole

Asubuhi ilikuwa imeoshwa. Ukungu ulikuwa mabondeni, juu kweupe, na joto lile la kwanza ambalo kipupwe hakina. Mzee alivua koti, akalifunga kiunoni. "Umesikia?" akasema. Nilidhani anamaanisha ndege fulani. Alimaanisha wote. Jumanne tulipofika msitu ulikuwa ukizungumza kwa mapande. Leo ulikuwa ukiimba mfululizo.

Hatukuenda mlimani moja kwa moja. Alitusimamisha kando ya barabara, mahali msitu unapokutana na chai, mbele ya kichaka cha mitambaa iliyosukana kutoka chini hadi urefu wa nyumba. Tukasubiri dakika hamsini. Mdogo wangu ndiye aliyemsikia: mlio mkali kama kijiko kinachogongwa kwenye chuma, uleule, unaorudiwa bila kubadilika. Akanishika mkono, akaelekeza kwa kidevu.

Ndege wa Moreau ni mdogo kuliko kidole gumba na cha kati vikiunganishwa, wa kijivu tu, mdomo mrefu mwembamba kuliko unavyotarajia kwa mwili ule, mkia ameuinua na unacheza. Alipita ndani ya mitambaa kama uzi unavyopita kwenye kitambaa, anaonekana, hayupo, anaonekana. Nina picha moja: mdomo, jicho, na majani. Naitunza kuliko zote.

Huyu ndege anapenda hasa yale matata ya mitambaa ambayo mtu akiyaona anasema panahitaji kusafishwa. Panapofyekwa kando ya barabara pakawa peupe, nyumba yake imeondoka. Naomba wote wenye mashamba na barabara zinazopakana na msitu huu waliangalie hilo kabla ya kutoa panga. Kule upande wa Derema, mzee alitueleza, wakulima walilipwa fidia ya mashamba yao ya iliki ili msitu uungane na wa kaskazini, na haikuwa rahisi kwa kila familia. Baadhi ya ndugu zake wamo. Alisema bila hasira, ila alisema polepole.

Mbomole ni mlima mdogo, unapita mita 1,000, njia inaeleweka. Kwenye mwanya wa kwanza tulimwona orioli wa kichwa cha kijani akiota jua, tumbo la manjano kama embe bivu. Karibu na kilele, mzee alinyoosha tena mkono nyuma.

Alethe. Mweupe kifuani, udongo mgongoni, kwenye mzizi kando ya kijito kidogo cha mvua ya jana. Hakuna siafu mahali pale. Mdomoni alikuwa na kijizizi cheusi, chembamba kama unywele, kimening'inia pande mbili. Alisubiri tusogee. Hatukusogea, tulirudi nyuma hatua kwa hatua mpaka tukampoteza, kwa sababu ndege mwenye kijizizi mdomoni anajenga, na hapendi kuonekana anakokwenda.

Siwezi kusema ni yuleyule wa Sigi. Wale watatu wa Jumatatu hawana alama. Lakini niliandika mwinuko wa pale kwenye daftari, chini ya ule wa Sigi, na nikachora mstari kati yake.

Jioni tulikaa kwenye ukingo wa chai. Mbayuwayu wasiopungua mia walikuwa wanapita chini kabisa juu ya vichaka, hawazunguki, wote wakielekea kusini. Hawa ndio wageni kutoka Ulaya na Asia, wanaingia nchini kuanzia Septemba. Ndege wa mlimani wanapanda, wa mbali wanaingia, na wachumaji wa chai walikuwa wakirudi nyumbani na vikapu vitupu mgongoni, wakiinama kidogo kila mbayuwayu alipokata mbele yao.

Siku ya 7, Ijumaa 4 Oktoba: kushuka

Jana yake mzee alikuwa ametupangia usafiri kwenye Fuso la ndizi linalokwenda Muheza, elfu tatu kila mmoja, litupitie Sigi likishamaliza kupakia. Kwa hiyo alfajiri tulishuka na bodaboda mpaka getini, tukiwa na saa mbili mkononi.

Tukarudi kwenye gogo. Kuvu za rangi ya machungwa zilikuwa zimenyauka, siafu wamehama, majani yamelowa na hayatoi sauti. Shore wawili walipita juu bila kushuka. Tukakaa chini, mgongo kwa mti, hakuna aliyesema neno. Mzee alisinzia kidogo.

Saa 3 na dakika 10 mdogo wangu alitazama saa, akalichukua daftari kutoka mapajani mwangu, akaandika yeye mwenyewe kwa mwandiko wake wa shule: "Sigi, kwenye gogo. Nyota: hayupo. Alethe: hayupo." Akapiga mstari chini yake. Kule barabarani Fuso likapiga honi mara mbili, na mzee akaamka, akaokota fimbo yake.